Askari wa Posta na Babu wa Kariakoo



Wale ambao hamkuhudhuria kikao cha mwezi uliopita niwape habari kwa kifupi. Ajenda ilikuwa Usiku wa Afrika Mashariki, na tulikuwa tunatafuta picha ya kuweka kwenye bango la tangazo. Mimi nikapendekeza sanamu ya Askari, ile iliyopo katikati ya jiji la Dar es Salaam. Nilidhani nimemaliza kazi. Picha yenyewe haina chama, haina dini, haina kabila, na kila aliyewahi kufika Dar anaijua. Dada mmoja wa Nairobi akanyoosha mkono. "Samahani kaka, lakini hiyo ni sanamu ya mkoloni. Iliwekwa na Mwingereza kusifu vita vyake mwenyewe. Sasa sisi tukiiweka kwa bango tunasherehekea nini?" Mwenzetu wa Arusha akamjibu kwamba yule ni Mwafrika, ameshika bunduki, kwa hiyo ni shujaa wetu. Mganda mmoja akauliza: shujaa wa nani, dhidi ya nani? Basi kikao kikageuka bunge. Chai ikapoa, sambusa zikaisha, bango halikupatikana.

Mwenyekiti akanigeukia akasema, "Wewe ndiye uliyeleta moto, kaandike makala utueleze." Ndiyo hii. Mimi ni mtu wa uhandisi, historia niliiacha kidato cha nne, lakini nimejitahidi kusoma, na nimepiga simu nyumbani. Simu ndiyo iliyonifundisha zaidi, kama mtakavyoona.

HUYU ASKARI NI NANI?

Kwa wasioijua: ni sanamu ya shaba nyeusi, imesimama kwenye kipilefti pale Barabara ya Samora inapokutana na Mtaa wa Azikiwe. Askari ameinama kidogo, bunduki mikononi, singe imeelekezwa upande wa bandarini. Ilichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, ikasubuwa hapahapa London, kisha ikasafirishwa na kuzinduliwa Dar mwaka 1927. Nairobi nako ipo ya kwao, pale Kenyatta Avenue, yenye watu watatu. Mombasa pia ipo. Zote zinakumbuka Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza na Wajerumani walipopigana juu ya ardhi yetu.

Kabla ya hapo Dar ilikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani walimsimamisha Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao na ambaye aliongoza vita dhidi ya watu wa pwani waliokataa kutawaliwa. Wissmann alisimama juu, na chini yake alichongwa askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoiteka Dar mwezi Septemba 1916 wakaing'oa, wakaileta London kama ngawira, baadaye ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Huko ikakaa mpaka wanafunzi wa chuo hicho walipoiangusha kwa kamba, mara ya kwanza mwaka 1967, na mwaka uliofuata wakaiangusha moja kwa moja. Wanafunzi kama sisi, jamani.

Kwa hiyo upande mmoja dada yetu wa Nairobi ana haki. Askari wa Posta aliwekwa na mtawala mpya baada ya kuondoa sanamu za mtawala wa zamani. Na tusisahau kwamba Tanganyika ilikuwa koloni la Mjerumani. Vijana wengi wa kwetu walipigana upande wa Wajerumani, wakikabiliana na vijana wa Kenya, Uganda na Nyasaland waliovaa sare za Mwingereza. Halafu baada ya vita sanamu ya washindi ikasimamishwa katikati ya mji wa walioshindwa.

Lakini mwenzetu wa Arusha naye hajakosea. Maana ya sanamu haikai ndani ya shaba. Tazameni barabara tu inayopita pale. Zamani iliitwa Acacia Avenue, baada ya uhuru ikaitwa Independence Avenue, kisha ikapewa jina la Samora Machel. Jina limebadilika mara mbili na yule bwana yupo palepale na singe yake. Mtoto wa Dar wa leo ukimwambia tukutane kwa Askari, hafikirii mfalme wa Uingereza. Anafikiria daladala za Posta na mahali pa kupiga picha. Wengi wanaamini kabisa kwamba ni ukumbusho wa wanajeshi wetu wa baada ya uhuru. Sanamu ni kama nyumba ya kupanga: aliyeijenga alikuwa na nia yake, waliohamia wana yao.

Kama mambo yangeishia hapo, makala hii ingekuwa fupi na bango lingepita. Tatizo ni maandishi yaliyo chini ya sanamu.

AHADI ILIYOANDIKWA CHINI

Chini ya Askari kuna maneno kwa Kiingereza na Kiswahili. Yalitungwa na mwandishi Rudyard Kipling. Yanasema ukumbusho ule ni wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi, ambao wameelezwa kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho kuna ahadi: ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Nimepita pale mara nyingi kabla sijaja huku, na sikuwahi kuyasoma. Niliyasoma kwenye picha, niko chumbani kwangu, usiku wa siku ile ya kikao. Neno "wapagazi" likanishtua, kwa sababu nyumbani kwetu tuna mtu wetu tunayemwita Babu wa Kariakoo.

Sisi kwetu ni Matombo, Morogoro, milimani. Tangu nikiwa mdogo nimesikia wakubwa wakimtaja Babu wa Kariakoo, na sisi watoto tukaamini alikuwa mfanyabiashara mkubwa, mwenye duka la vitambaa pale sokoni. Tulikuwa tunajisifu shuleni. Binamu yangu mmoja aliwahi kusema tukienda Dar tutadai urithi wetu.

Safari hii nikampigia bibi. Bibi yangu amepita miaka themanini na bado analima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Baridi haijakumaliza?"

"Bado nipo bibi. Naomba kuuliza, Babu wa Kariakoo alikuwa anauza nini?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Auze nini? Alichukuliwa na Wazungu kubeba mizigo ya vita. Waliochukuliwa waliitwa Kariakoo. Mama yangu alikuwa bado ananyonya. Hakurudi."

"Jina lake nani, bibi?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Mama mwenyewe hakulijua vizuri. Alisema bibi hakupenda kulitaja, alilia. Sisi ukoo unakwenda kwa mama, wewe unajua. Ya wanaume yanapotea upesi." Baadaye akaongeza, "Si Babu wa Kariakoo tu? Hilo ndilo jina lake."

Kweli, sisi Waluguru ukoo hufuata upande wa mama. Mwanamume aliyeondoka kabla mtoto hajaanza kutembea ni rahisi jina lake kuzama. Lakini nilibaki na simu mkononi nikiitazama ile ahadi ya Kipling kwenye kompyuta. Wanao watalikumbuka jina lako. Bwana, hatulikumbuki.

KWA NINI JESHI LILIHITAJI WATU WENGI HIVYO

Hapa niruhusuni nirudi kwenye fani yangu, maana bila hesabu hamtaelewa ukubwa wa jambo hili.

Bara la Tanganyika wakati ule lilikuwa na reli mbili kubwa tu, ya Tanga na ya kati. Nje ya reli hakukuwa na barabara ya maana. Farasi, punda na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Magari yalizama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu.

Sasa chukueni mfano wangu rahisi. Mpagazi anabeba kilo 25. Yeye mwenyewe anakula kilo moja ya unga kwa siku, na unga huo anautoa kwenye mzigo huohuo, kwa sababu njiani hakuna duka. Kama kambi ya askari iko mwendo wa siku kumi, atatumia siku kumi kwenda na siku kumi kurudi. Amekula kilo 20. Alichofikisha ni kilo tano. Askari 1,000 wakila kilo moja kila mmoja, kila siku lazima wafike wapagazi 200. Na kwa kuwa kila mpagazi yuko safarini siku 20, unahitaji wapagazi 4,000 barabarani wakati wote ili kulisha askari 1,000, bado hujahesabu risasi, dawa na mahema ya maofisa. Kambi ikisogea mpaka mwendo wa siku kumi na mbili na nusu, mpagazi anakula mzigo wote na kufika mikono mitupu.

Makamanda walilijua hilo. Njia ya kuifanya hesabu ikubali ilikuwa moja, kumpunguzia mpagazi chakula. Wakapewa unga kidogo, mara nyingi bila muda wala chombo cha kuupika vizuri, kwenye mvua, bila blanketi la kutosha. Kuhara damu, malaria na kichomi vikawamaliza kuliko risasi. Mwisho wa mwaka 1916 mstari wa mbele wa Waingereza ulifika Duthumi na Kisaki, chini kidogo ya milima ya kwetu, ukielekea Rufiji. Kisha zikaja mvua kubwa za 1917. Nadhani huko ndiko alikoishia mtu wetu, ingawa siwezi kuthibitisha.

Kumbukumbu rasmi za Waingereza zilihesabu zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa upande wao. Wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi, pengine mara mbili. Upande wa Wajerumani hata hesabu ya kueleweka haikuwekwa.

Nyumbani wanapenda kututania sisi wa ughaibuni kwamba tunabeba boksi. Wengi wetu tumebeba kweli, mimi mwenyewe nimebeba, usiku, kwenye ghala moja nje ya London. Lakini tulikuwa na mkataba, na mwisho wa mwezi jina letu liliandikwa kwenye karatasi ya mshahara.

JIRANI YANGU MWENYE JINA

Jirani kabisa na chuo chetu kuna Makumbusho ya Historia ya Viumbe, Natural History Museum. Kuingia ni bure, na mvua ikinyesha tunapita mle kukwepa baridi. Kwenye ngazi kuu kuna sanamu ya shaba ya mzungu mwenye bunduki. Nimeipita miaka miwili bila kujali. Wiki ile baada ya kuongea na bibi nikasimama nikasoma: Frederick Courteney Selous.

Huyu alikuwa mwindaji maarufu. Akajiunga na jeshi la Uingereza akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka sitini, akauawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 huko Beho Beho, upande wa Rufiji. Alizikwa hukohuko na kaburi lake linajulikana mpaka leo. Mwaka 1922 pori lote la akiba likapewa jina lake, na likaitwa Selous hadi mwaka 2019, sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kiasi kilichobaki bado kinaitwa Selous.

Sina ugomvi na marehemu. Alikufa vitani kama wengine. Ila fikirini: vita hivyohivyo, bonde hilohilo, miezi ileile. Mmoja ana kaburi, ana sanamu London, ana pori lenye jina lake. Mwingine aliyembebea mwenzake unga hana hata jina nyumbani kwake.

Na haikutokea kwa bahati mbaya. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni mwaka huohuo. Katika kumbukumbu za Tume imo pia kauli ya gavana wa kwanza wa Tanganyika, Sir Horace Byatt. Aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi ya Dar es Salaam na kwingineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na hakutaka hata kufikiria takwimu za Waafrika waliokufa.

Miaka michache baadaye Askari akazinduliwa pale mjini. Sasa naielewa ile sanamu kwa namna nyingine. Wenzao walipewa makaburi yenye majina, mtu mmoja mmoja. Wetu wakapewa sanamu moja kwa wote. Askari wa Posta aliwekwa badala ya majina.

SWALI LA KUULIZA

Nilipomweleza dada yetu wa Nairobi haya yote, tukiwa kwenye foleni ya kantini, hakujisifu kwamba alisema kweli. Alinikumbusha sanamu ya Dedan Kimathi, iliyozinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe na Waingereza. Ile iliwekwa na Wakenya wenyewe, na watu waliipokea kwa machozi. "Lakini mama yetu Mukami," akasema, "aliendelea kuomba mabaki ya mumewe mpaka amefariki." Ni kweli. Mukami Kimathi alifariki mwaka 2023 bila kumzika mume wake, aliyezikwa Kamiti kwenye kaburi lisilo na alama. Sanamu ilikuwepo, kaburi halikuwepo.

Kwa hiyo nimejifunza kwamba swali la "hii sanamu ni ya nani?" halitoshi. Tuulize pia: imewekwa badala ya nini? Wakati mwingine jibu ni hakuna, ukumbusho umesimama pamoja na haki na kumbukumbu nyingine. Wakati mwingine utakuta sanamu ni risiti ya deni ambalo halijalipwa.

Na kuna jambo la pili, ambalo limenifariji. Waingereza walipoingia Dar waliweka kambi ya wale wapagazi, kikosi kilichoitwa Carrier Corps, pembeni ya mji. Wenyeji wakalitamka kwa ulimi wao, Kariakoo. Vita vikaisha, kambi ikaondoka, jina likabaki. Nairobi likawa Kariokor. Hakuna gavana aliyelizindua na hakuna mshairi aliyeajiriwa. Pakawa mtaa, pakawa soko, na mwaka 1975 likafunguliwa lile jengo kubwa la Beda Amuli lenye miavuli ya zege, ambalo sisi wahandisi tunalihusudu. Liliungua Julai 2021, na hakuna aliyedhani kwamba kwa kuungua jengo, Kariakoo imekufa.

Makaburi yakaachwa yaote majani, lakini mamilioni ya watu wakaendelea kulitaja lile jeshi la wabebaji kila siku, wakienda kununua nyanya, bila kujua. Ndiyo maana bibi alishangaa swali langu. Kwake yeye Kariakoo haikuanza kuwa soko. Ilianza kuwa watu.

Sisemi hilo linatosha. Jina la kikosi si jina la mtu, na "bila kujua" ni nusu ya kusahau. Mimi mwenyewe nilikaa miaka thelathini nikimdhania babu muuza vitambaa.

Sasa bango. Pendekezo langu limebadilika kidogo. Picha ya Askari ibaki, maana kuificha hakutufundishi kitu, ila chini yake tusiandike neno "mashujaa" halafu tukaishia hapo. Tuandike maneno matatu, "Badala ya nini?", watu waje wenyewe waulize. Na siku ya shughuli tuweke karatasi kubwa nyeupe ukutani, pale karibu na meza ya pilau. Kila anayeingia aandike jina la mtu mmoja wa kizazi cha nne nyuma yake, na alikofia kama anapajua.

Kwa hiyo nawaomba, kabla ya siku hiyo, pigeni simu nyumbani. Msiwatumie ujumbe wa kuandika, wazee hawapendi. Pigeni, muulize, na muwe na subira wakinyamaza. Kamati itakutana Alhamisi ijayo saa kumi na mbili jioni, chumba kilekile. Atakayekuwa na hoja ya kupinga aje nayo, na safari hii sambusa ziongezwe. Mimi kwenye karatasi nitaandika Babu wa Kariakoo, Matombo. Nimemwahidi bibi nitampiga picha.

Wasalaam,
Mwanachama, mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, uhandisi.